Turubai la Kuhamia Kinyerezi

Jumatatu, 14 Septemba 1992

Nimehamia. Mimi, kitanda, jiko la mkaa na redio. Nyumba ni yangu: tofali za saruji, bati jipya, madirisha ya mbele yana nondo, ya nyuma yana magunia. Ndiyo matunda ya kiinua mgongo nilichopewa kiwanda kilipotupunguza. Wenzangu walinunua mabasi, yote yameshalala juu ya mawe. Mimi nilinunua kiwanja huku Kinyerezi, mbele kabisa ya Tabata, penye mikorosho na hewa.

Mke wangu Munira hakuja. Amebaki kwenye vyumba vyetu vya kupanga Kinondoni. Huku anapaita ughaibuni, eti mtu akienda anarudi mzee na kusalimia amesahau. Hoja yake ni moja tu. Akifa huku, nani atamzika? Nilimjibu kwamba afya yake ni nzuri. Jibu hakulipenda.

Tumekubaliana. Jumapili atakuja aangalie kwa macho yake. Akiona watu, anahamia. Asipoona, anakwenda kukaa kwa dada yake Tanga, mimi nibaki na nyumba yangu tuangaliane. Ndoa ya miaka yote ile, na maneno hayo aliyasema huku anachambua mchele.

Watu wapo. Nawasikia wakikohoa nyuma ya mikorosho.

Jumanne, 15 Septemba

Nimegundua wanakokaa. Wanakaa kwa Marijani. Ni jirani yangu wa kwanza, mzaliwa wa hapa. Nyumba ya udongo, kibanda cha mafuta ya taa na sabuni, mabenchi chini ya mkorosho, pipa la maji. Basi. Lakini jioni yote ya Kinyerezi iko pale. Bao linachezwa, kahawa inanyweka, watu wanacheka. Haiingii akilini.

Nilikwenda kuwaalika kwenye dua ya kuhamia, keshokutwa baada ya alasiri. Marijani aliuliza, kwa adabu kabisa, kama kutakuwa na pilau. Nikamweleza kwamba dua si tumbo. Kutakuwa na tende na kahawa. Akasema inshallah. Wengine nao wakasema inshallah, macho yao yako kwenye bao.

Alhamisi, 17 Septemba

Dua imesomwa. Tulihudhuria mimi, ustadhi na mbuzi wa mtu. Ustadhi aliiombea nyumba heri, akanusa upande wa jikoni, akaiombea tena kwa kifupi, akaondoka na tende. Mbuzi alikaa zaidi.

Kosa si la tende. Huu ni mfungo sita, mwezi wa maulidi, watu wameshiba pilau za wengine. Halafu mbele ya nyumba yangu hapana kivuli. Mikorosho yote niliikata ili bati lionekane kutoka barabarani. Linaonekana. Chini yake ni jua tupu na mimi.

Ijumaa, 18 Septemba

Nimepata dawa. Turubai.

Nimekwenda mpaka Tandale kwa Jamali, anayekodisha maturubai na masufuria. Mazuri yote yalikuwa yameshatoka. Kanipa moja la kijani lililopauka, lina kiraka, pamoja na mikeka. Aliuliza ni shughuli gani. Nikamwambia itajulikana hapohapo.

Hesabu ni nyepesi. Nafunga turubai, natandika mikeka. Mtu wa Kinyerezi akipita na jua hili, atakaa. Akikaa mmoja, wa pili atamuuliza kulikoni, naye atakaa. Jumapili Munira anakuta watu. Kwamba wamefuata kivuli, hilo hahitaji kulijua.

Sijui kwa nini kiwanda kilinipunguza mimi.

Jumamosi, 19 Septemba

Turubai nimelifunga mapema, kwa majaribio. Nikavaa kanzu nyeupe na kofia, ili wageni wajue mwenye nyumba ni nani. Redio nilizima, betri zimekwisha. Nikakaa peke yangu kwenye mkeka, nimeshika tama, nangoja.

Akapita Mwajabu, mjane anayekaa karibu na bonde, ndoo ya maji kichwani. Wanawake wa huku hawaanzi jambo mpaka yeye aseme. Alinitazama, akalitazama turubai, akaitua ndoo. Akanipa pole kwa sauti ya chini. Nikaitikia, nikidhani ni pole ya kuhama. Ndoo akaniachia. Akaondoka haraka, huku anajifunga khanga kiunoni.

Muda si muda wakaanza kuja. Wanawake na kuni, wanawake na madumu ya maji, na maji huku ni ya kufuata mbali. Waliingia ndani moja kwa moja, wakapita mpaka uani, wakawasha moto. Wanaume walinishika mkono mmoja mmoja, wakakaa. Hakuna aliyecheka. Marijani alifunga kibanda. Marijani! Alikuja na mabenchi yake, pipa lake la maji likisukumwa nyuma. Nilisema moyoni, kumbe watu wa huku ni wastaarabu, walikuwa na haya tu.

Ndipo Marijani akainama sikioni kwangu akauliza maiti iko wapi, wajue pa kuchimba.

Nikajitazama. Turubai, mikeka, mtu wa kanzu ameshika tama, redio kimya. Kila kitu nilikipanga mwenyewe. Na huku mfiwa haulizwi nani amekufa. Unampa pole, unakaa, habari utazipata uani. Uani kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nataka ijulikane kwamba niliiona. Lakini niliwatazama watu wote wale, mikeka imejaa, moshi unatoka uani kama nyumba ya watu. Na Munira anakuja kesho. Nikamwambia Marijani kwamba ni mjomba wangu Mudathir, wa Kilwa. Presha. Ameshazikwa hukohuko, sisi hapa tunakaa matanga tu.

Nilimchagua Mudathir kwa kuwa ndiye ndugu aliye mbali zaidi. Sikumuua kwa ubaya.

Jumapili, 20 Septemba

Asubuhi watu wameongezeka. Uji, kisha hitima. Marijani alisimama akamwelezea marehemu: mtu wa watu, mnyenyekevu, hakuwahi kugombana na jirani. Hawajawahi kuonana. Machozi yalinitoka ya kweli.

Adhuhuri nilikuwa chooni uani niliposikia kilio kikianzia barabarani. Munira. Ameliona turubai nyumbani kwangu, akajua ni mimi. Alilia kwamba nilikuwa mpole, sikuwahi kumpandishia sauti, na kwamba alinikosea kuniacha nilale peke yangu porini. Nilitulia kidogo humo ndani, maana mambo haya sikuwahi kuambiwa. Nilipotoka alinyamaza katikati ya neno. Mpaka sasa hajalimalizia.

Hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwapo mzee na kuku mkononi. Mjomba Mudathir. Ameingia Kinondoni jana kutoka Kilwa, amekuja kuiona nyumba. Wakati nikiwa chooni yeye alishakaa kwenye mkeka, akatoa pole, akamuuliza Marijani ni nani amefariki. Marijani akamwambia. Mjomba akauliza Mudathir yupi. Akaambiwa wa Kilwa, mjomba wa mwenye nyumba, presha. Mjomba akajishika goti, kisha akajishika goti la pili. Akaomba maji. Alipokwisha kunywa akasema huyo Mudathir ni yeye.

Nilisema kwamba kumetokea kutoelewana. Haikusaidia.

Mwajabu alitoka uani na mwiko mkononi. Hakupandisha sauti. Maneno yake nayaandika yalivyo: "Sie tulikuja kwa sababu mtu wako akifa ni wetu. Sasa siku ukifa wewe, Bwana Talha, tutakuja kwanza kukuchungulia. Tukishajua umekufa kweli, ndiyo tutarudi nyumbani kujifunga khanga."

Ubwabwa ulikuwa umeshaiva, wakaula. Kisha kuni zilizobaki zilirudi zilikotoka, na mabenchi, na pipa. Mjomba alisindikizwa na mtaa mzima kwenda kulala kwa Marijani. Kuku alikwenda naye.

Nikamgeukia Munira, nimeshakubali habari ya Tanga. Alikuwa anawatazama wale wanawake wakishuka bondeni na madumu matupu. Akasema kwa watu wanaomlilia mtu wasiyemjua, yeye atakufaje asizikwe. Anahamia Jumatano.

Kwa maneno mengine, mpango umefaulu.

Jumatano, 23 Septemba

Munira amehamia. Mwajabu na wenzake walimpokea tangu barabarani, kila mmoja na furushi kichwani. Meza nilibeba mwenyewe.

Mchana kulitokea msiba wa kweli, mzee mmoja upande wa bondeni. Nilikwenda. Watu walisogea kumpisha Munira. Mimi hakuna aliyesogea. Nilikaa nje ya turubai, juani, na nilipotoa pole, mfiwa alimtazama Marijani kwanza, ndipo akaitikia. Iliniuma. Sikutegemea ingeniuma vile. Nimejenga nyumba yenye nondo, na siku yangu ikifika watu watakuja kunichungulia.

Usiku Munira aliniuliza kama nimejifunza kitu. Nikamwambia ndiyo.

Jumapili, 27 Septemba

Gari linaloniletea mchanga limekwama bondeni. Njia imejaa vichaka na mashimo. Nilikwenda kwa Marijani kuomba watu tuifyeke pamoja. Akasema inshallah.

Nimefikiri mchana kutwa. Kosa langu lilikuwa moja, nalo si kubwa. Nilichagua msiba. Msiba unataka maiti, na maiti ni kitu kinachoweza kuhakikiwa. Harusi haina shida hiyo. Na kwa harusi watu hufyeka njia wenyewe bila kuombwa, ili gari la bibi harusi lipite.

Nimeshakwenda Tandale. Safari hii Jamali amenipa turubai zuri, la mistari, halina kiraka. Alipouliza ni shughuli gani, nilimjibu mara moja.

Mjomba Mudathir ni mgane, na bado yuko kwa Marijani. Nimempelekea salamu kwamba Jumamosi avae kanzu safi. Mwajabu naye ni mjane. Wote wawili nitawaambia njia ikishafyekwa.