Nadhiri ya Kukwepa Mazoezi

Jumatatu, 7 Machi 2011
Daktari kaja ofisini. Ati sisi wa kompyuta tunakaa mno: shingo, macho, mawazo, vyote vitatumaliza. Bi Khairiya, mkuu wetu, kaamuru mazoezi kila asubuhi, uani, wapita njia wa Gombani wote wakitutazama. Atakayeonesha bidii ndiye atakayesimamia chumba cha kompyuta. Kiti kile changu! Nimekipindia mgongo miaka na miaka. Huyu Hija, mwenzetu mpya, kaja juzi tu kutoka Unguja, na raba keshanunua. Mimi nirukeruke mbele ya wakwe zangu wanaopita hapo? Nimesema nimefunga sunna. Nikasamehewa, nikasifiwa. Mihogo nimeila stoo, nyuma ya makatoni ya karatasi.

Jumanne, 8 Machi
Leo si siku ya sunna. Nikasema nalipa siku nilizokula Ramadhani. Kosa! Bi Mwanamize wa masijala akacheka hadi mtandio ukamwanguka, akauliza tangu lini wanaume wakapata udhuru ule. Nikageuza: ni nadhiri, hadi Alhamisi. Hija hakucheka. Kavuta kiti, kakaa mlangoni pa stoo.

Jumatano, 9 Machi
Njaa. Ya kweli sasa, maana Hija habanduki. Nimeshinda na njaa bila nia, thawabu hata chembe sipati! Kitini siondoki, nisije nikaanguka. Shingo imekaza kama mchi. Nje wanaruka, wanacheka. Nawachukia wote.
Alasiri Bi Khairiya kasema subira yangu imemliza. Kesho atanifuturisha kwake, ofisi nzima ije. Kiti nimekipata!

Alhamisi, 10 Machi
Tambi, boko boko, pweza wa nazi. Adhana ikalia, nikatia tende mdomoni. Bi Khairiya akasimama, akamtangaza Hija kuwa msimamizi. Tende ikanikwama. Kisha akanigeukia kwa upole.
"Wewe, Msellem, ni mtu wa akhera. Sikutwishi ya dunia."
Wote wakaitikia amina, Hija akiwashinda kwa sauti. Nikalia. Wakadhani ni unyenyekevu.

Ijumaa, 11 Machi
Shingo haigeuki kabisa. Msikitini, salamu ya kumalizia sala nimeitoa kwa kugeuza mabega mazima, nikamkumba Mzee Ngwali aliyekaa ubavuni. Kanitazama vibaya hadi mlangoni.
Jioni nikaenda kwa daktari yuleyule. Kanibonyeza, kaguna. Kasema dawa ni mazoezi tu, na tuanze hapo hapo, ninyanyue mikono.
Nikamwambia siwezi, nimefunga.