Spika za Nyuma Zina Haya

Ukijiita mhandisi wa sauti, watu hukuuliza bei, cheti hawakiulizi. Jambo hilo lilimfurahisha sana Mhandisi Mwangwi, kwani cheti pekee alichokuwa nacho kilikuwa cha chanjo, na hata hicho hakikukamilika, maana sindano ya pili aliikimbia.

Asubuhi hiyo aliingia duka la magodoro kununua mto mmoja, tena ule wa bei ya chini kabisa, wenye uvimbe wa sponji kila upande. Mwenye duka hakumwona. Alikuwa kwenye simu, uso umemvimba kama bidhaa zake.

"Mpira ni uleule! Runinga yake ndogo kuliko yangu! Lakini watu wananipita mlangoni wanakwenda kujazana kwa shemeji, eti kwake makofi ya uwanjani yanasikika nyuma ya kochi. Nyuma ya kochi! Kwangu nyuma ya kochi kuna nini? Ukuta!"

Mwangwi aliuweka mto chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Simu ilipokatwa, alisogea.

"Tajiri, shemeji yako ana spika ngapi?"

"Tano na sabufa. Wewe nani?"

"Mimi ni mtu anayeanza kumhurumia shemeji yako." Akashusha sauti. "Kuna seti za sauti ya mzunguko ziliagizwa na hoteli moja kubwa. Zikazidi. Zimezidi kwenye makaratasi, unanielewa? Kwa hiyo ni nusu bei."

Mwenye duka alielewa haraka. Alikuwa mtu mwaminifu sana, isipokuwa palipokuwa na nusu bei.

"Na risiti?"

"Tajiri, kitu kilichozidi kwenye makaratasi kitapataje karatasi?"

Mchana wa siku hiyohiyo Mwangwi alizipanga spika zake za maonyesho kwenye sebule ya mwenye duka. Hizo zilikuwa nzima na za kweli. Ndiyo mali pekee halali aliyowahi kununua maishani, na kila alipoikumbuka bei yake aliona aibu, kama mwizi aliyepanga foleni. Akachomeka kichezeshi chake cha filamu, akaweka picha ya mvua. Mwenye duka aligeuka kuangalia kama dari inavuja. Alilipa pesa zote kabla mvua haijakatika.

"Seti hii ni ya maonyesho," Mwangwi alisema akikunja waya. "Yako inakuja kesho, mpya, ndani ya boksi."

Iliyokuja kesho yake ilikuwa ndani ya boksi kweli. Spika mbili za mbele zilifanya kazi kwa jitihada, kama mtumishi anayedai mshahara wa miezi mitatu. Tatu zilizobaki zilikuwa maganda matupu yaliyotiwa mchanga ili mkono wa mnunuzi usishtuke kwa wepesi. Mwangwi alizifunga ukutani kwa umakini mkubwa, akipima kwa rula na kuguna kitaalamu.

Mwenye duka akakaa kwenye kochi, akaisikiliza mvua ileile ya jana. "Mbona nyuma kimya?"

"Spika za nyuma zina haya, tajiri. Chumba kigeni, kuta ngeni, watu wanazikodolea macho. Zipe wiki mbili zizoee."

Mwenye duka aliyaangalia maganda yale kwa huruma, kama mtu anayemtazama bibi harusi aliyetoka mbali. Mwangwi alikuwa ameshika mkoba wake aondoke pale mlango wa ndani ulipofunguliwa. Akatoka mama mmoja mzee, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa mama mkwe wa mwenye duka.

"Nipishe nami nisikie," alisema.

Alikaa katikati ya kochi, akafumba macho. Mwangwi alihesabu hatua kutoka alipokuwa hadi getini: kumi na nne, na mbwa mmoja.

"Mimi nazisikia," mama mkwe alisema. "Mvua iko hapa, nyuma ya sikio la kulia. Safi kabisa!"

Mwangwi mwenyewe aligeuka kulitazama lile ganda, kuhakikisha.

"Kijana, una kipaji," mama aliendelea. "Mimi niko kwenye chama cha wastaafu. Tuko kumi na wawili, kila mmoja ana runinga, ana pensheni, na ana wivu kwa mwenzake. Jumamosi alasiri niwaite waje wazisikie hizi?"

Mate yalimjaa Mwangwi mdomoni. Wastaafu kumi na wawili, wenye masikio ya mama huyu! Lakini je, akipatikana mmoja asiye na masikio kama yake?

"Hizi bado zina haya, mama," alisema haraka. "Acha nilete zile za maonyesho. Zimeshazoea watu."

"Si utajisumbua?"

"Kwa ajili yako, mama, usumbufu ni heshima."

Njia nzima alijisifu kwa wazo hilo. Mtego mzuri kuliko yote ni ule ambao panya mwenyewe anasaidia kuubeba.

Jumamosi saa tisa alifika na mali yake yote. Mama mkwe alimpokea kwa chai na ngazi.

"Mwanangu, shusha hizi za haya, zisije zikachanganya sauti. Za kwako zifunge palepale. Halafu nielekeze, wenzangu watauliza maswali."

Mwangwi akafunga, huku akieleza kila kitu kwa madaha. Spika ya kati inakaa chini ya runinga, kwa sababu ndiyo inayobeba maneno ya watu. Mbili za mbele zinakaa pembeni, zikimwangalia aliyekaa kochini. Mbili za nyuma zinafungwa pande mbili za kochi, nyuma kidogo ya masikio na juu yake kidogo. Sabufa inakaa sakafuni, kwani mngurumo hauna adabu, unatoka popote.

"Na hapa?" mama aliuliza. Alikuwa amevaa miwani, kidole kiko kwenye kitabu cha maelekezo cha runinga. "Wanasema lazima tuingie kwenye menyu ya sauti, tutoe stirio, tuweke ya njia nyingi. La sivyo runinga itatuma njia mbili tu, na za nyuma zitakaa kimya hata zikiwa nzima."

Mwangwi alikohoa. Katika miaka yake yote ya uhandisi hakuwahi kufika ukurasa huo. Kwenye maonyesho alitumia kichezeshi chake mwenyewe, ambacho muuzaji alimtengenezea kila kitu.

"Ndiyo nilikuwa nakuja hapo," alisema, na mama akamwonyesha kitufe cha rimoti.

Saa kumi na nusu hakukuwa na mstaafu hata mmoja. Aliyeingia ni mwenye duka, na wapakiaji wawili wa magodoro, wanaume wenye shingo pana kama mlango. Mama mkwe alisukuma lile boksi la maganda kwa mguu.

"Asante, mwanangu. Sasa chukua hizi, uende nazo."

"Mama, hizo ni zenu. Zangu ni zile za ukutani."

"Kwani zina tofauti gani?"

Mwangwi alikuwa na majibu ya polisi, ya wenye nyumba, hata ya mashemasi. Kwa swali hili jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa la kweli. Hakuwa na mazoezi nalo.

"Mama," alijaribu mwishowe, "kuna tofauti ya... ya tabia."

"Mimi nimefanya kazi kwenye mitambo ya simu miaka thelathini," mama alisema bila kupandisha sauti. "Laini iliyokufa naijua nikiwa usingizini. Nilipoigonga ile ya kulia ikamwaga mchanga, mkwe wangu alitaka kuita polisi. Nikamwambia: ukiwaita, watauliza na habari ya hoteli."

Mwenye duka aliangalia viatu vyake.

Hapo ndipo Mwangwi alipopiga hesabu, na hesabu ilimuumiza kuliko kipigo. Alikuwa amepokea nusu bei. Alikuwa amekabidhi seti nzima, karibu mpya, kufungwa bure, na maelekezo juu yake. Bila kukusudia, mbele ya mashahidi wanne, alikuwa amefanya biashara halali. Tena kwa hasara.

"Kabla hujaondoka, kaa hapo katikati," mama aliamuru. "Fundi mzuri hujaribu kazi yake."

Alikaa. Ukweli ni kwamba hakuwahi kukaa pale. Kazi yake siku zote ilimtaka asimame karibu na mlango. Mama akabonyeza rimoti, filamu ikaanza. Upepo ukavuma kutoka kushoto hadi kulia. Majani yakachakarika. Mwangwi alihisi nywele za shingoni zikisimama, na kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba kitu hiki alichokuwa akiwauzia watu kwa uongo kilikuwa kizuri kweli. Alikuwa hajamaliza kufikiri hivyo pale hatua za viatu vizito zilipokuja nyuma yake, karibu, karibu zaidi, na sauti ya mwanamume ikanguruma sikioni:

"Simama hapo hapo! Mikono juu!"

Mhandisi Mwangwi alisimama, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, macho kayafumba, akasema, "Afande, mimi nilikuja kununua mto tu."

"Ya nyuma kushoto," mama mkwe alisema, "inafanya kazi."