Bega Langu na Mstari Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya sita ya bega. Nilipiga smashi moja tu kwenye mechi ya wavu, misuli midogo inayoshika bega ikachanika. Kidogo! Nilijipima mwenyewe kwa video nne kabla daktari hajasema vilevile. Dawa: barafu, kupumzika, kuvuta kamba ya mpira, na kupandisha vidole ukutani kama buibui. Dada Fizio, anayetufanyisha mazoezi kliniki, anatia chaki pale vidole vinapoishia. Ukigusa mstari mwekundu uliochorwa juu ukutani umepona, kwaheri. Leo nimeukaribia! Akanipigia makofi. Nikarudi chumbani. Kitanda, ndoo, mimi. Timu ina watu kumi na mmoja, hajaja hata mmoja.

Alhamisi, 6 Machi
Kapteni kapiga simu mara mbili. Sikupokea. Mlango wangu anaujua, aje!
Kliniki kuna mgonjwa mpya, Muogeleaji. Bega liliteguka, wakalirudisha, sasa mkono unaning'inia shingoni kwa kitambaa. Kaja na mama, shangazi na kocha. Watu watatu kwa bega moja! Mimi nimekuja na chupa ya maji. Mama yake akaniuliza, mwanangu, na wewe wako wapi watu wako? Nikamwambia wanaegesha gari.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi nimejaribu ukutani kwangu. Mkono juu kabisa, hakuna maumivu! Nikaruka. Halafu nikakaa. Nikiagwa kliniki, nani ataniuliza nimeamkaje?
Basi kule vidole nikavisimamisha usawa wa pua. Nikaguna. Dada Fizio akanishika bega, akasema pole sana kaka yangu, tutakwenda taratibu. Kaka yangu! Wahenga walimwonya mficha maradhi. Mficha uzima hawakumtaja popote. Ruksa!

Alhamisi, 20 Machi
Kuumwa ni kazi ngumu jamani. Nyumbani kamba nimeitupa chini ya kitanda. Mkono naufunga kitambaa kutwa nzima, nalala nao hivyohivyo, nisijisahau. Leo vidole vimegota kidevuni na wala sikuigiza sana. Kipaji!
Muogeleaji sasa anavuta kamba, mama yake anamhesabia kwa sauti. Akaona na mimi navuta, akanihesabia. Vizuri mwanangu, kumi na tano, kumi na sita... Nimefika ishirini na mbili ndipo nikakumbuka kwamba naumwa.

Jumatatu, 7 Aprili
Muogeleaji kapona. Wameondoka wote, vicheko mpaka getini. Mama yake akasema wasalimie watu wako. Nikasema zimefika.
Halafu Dada Fizio akauinua mkono wangu yeye mwenyewe. Ukakwama kifuani! Nikapiga yowe, la kweli. Akasema limeganda, bega usipolitumia linajifunga, sasa ni miezi, pengine mwaka. Mazoezi nyumbani, kliniki mara moja kwa mwezi. Mara moja!
Akaongeza, na kapteni wako nitamwambiaje? Kumbe kapteni anampigia simu kila Jumatatu. Kumbe jezi yangu waliitunza, hawakumpa mtu. Waliona sipokei simu wakadhani nimewanunia, wakaogopa kuja. Na kila Jumatatu Dada Fizio anatazama chaki, anajibu bado, tena inashuka. Ijumaa wamesajili mpigaji mwingine. Jezi kavaa yeye.
Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani. Kufunga mlango kwa mkono mmoja kunachukua muda.

Jumanne, 8 Aprili
Nimeamka na jibu! Kosa ni la chaki, mimi sina neno. Jumamosi naibuka mazoezini, nimepona, nacheka, koti refu, mkono wa kulia mfukoni. Nitamwambia kapteni yule mpya arudi alikotoka. Bega nitaliacha lipumzike vizuri mfukoni, hata mwezi mzima. Na wakinirushia mpira, nitaupiga kichwa. Kichwa changu hakina tatizo lolote.