Uzinduzi wa Kiti cha Gerson

Inatangazwa kwa fahari kubwa kwamba kuanzia sasa hakuna askari majeruhi atakayekalia, kuegemea wala kusukumwa kwa kifaa chochote ambacho hakijazinduliwa na Mgeni Rasmi. Lengo ni kulinda hadhi ya majeruhi.

Koplo Kefa aliiona busara hiyo mara moja. Huko walikokwenda kulinda amani, bomu lilimchukua yeye mkono wa kushoto, mwenzake Gerson likamchukua miguu yote. Sasa kiti mwendo cha Gerson kilikwisha kufika. Kilikaa barazani mwa wodi yao, kimeviringishwa nailoni na utepe mwekundu. Kukitazama kuliruhusiwa. Chooni, Gerson alikwenda mgongoni kwa Kefa.

"Umekuwa mzito wewe. Wali wangu ndio unaumaliza?"

"Mzigo hausemi, afande. Twende, hali si nzuri."

Tatizo lilikuwa Jumapili. Angelina, binti wa Gerson, alikuwa anapata kipaimara kanisani Nkuhungu, na baba mtu ameapa kwamba haingii mbele ya mwanawe amebebwa kama gunia la uwele.

"Kama ni mgongoni, siendi." Akageukia ukutani. Jamani, Kefa alikosa usingizi.

Mgeni Rasmi aliahirisha mara mbili kwa sababu za msingi. Mojawapo, alikuwa akizindua semina ya kupunguza sherehe. Akafika Jumapili yenyewe asubuhi, akahutubia juu ya uvumilivu mpaka kengele ya kwanza ya kanisa ikalia. Kabla hajakata utepe, mpiga picha akamwomba akikalie kiti kwa muda kidogo, wananchi waone uimara wake. Basi akakaa. Kiti, kwa kutojua itifaki, kikateremka ngazi, kikamtupa mtaroni, chenyewe kikasimama salama salimini. Kifundo cha mguu wa mheshimiwa kikavimba papo hapo.

"Nirudisheni kwenye kiti!"

Bibi Editha, afisa itifaki, akainama kwa adabu. "Mheshimiwa, utepe haujakatwa."

"Basi nibebeni! Wewe koplo, si ndiye unayebeba wenzio?"

Kefa akapiga saluti kwa mkono uliobaki. "Ndiyo, mheshimiwa. Ila mgongo huu nao haujazinduliwa."

Vumbi likapita. Kisha sauti ikatoka mtaroni: "Nazindua kiti! Nazindua na migongo! Nazindua vyote!"

Makofi. Bibi Editha akakata utepe, akasoma kwa sauti kuu jina la mlengwa: Gerson.

"Pole sana, mheshimiwa," alisema Gerson, akipandishwa kitini. "Mlengwa ndiye mimi."

Wakashika njia ya Nkuhungu. Kefa alisukuma kwa mkono mmoja, kiti kikitaka kwenda pembeni. Gerson akazungusha gurudumu la upande wa pili, kikanyooka.

Nyuma yao, mheshimiwa alibaki mtaroni akichagua mgongo. Migongo yote ya wajumbe wa kamati ya uzinduzi ilikuwa imeshazinduliwa kihalali, na kila mjumbe alikuwa amejishika kiuno.