Kigari Kimya cha Madale

Jumatatu, 4 Agosti

Kimefika! Kigari cha gofu, viti vinne, rangi ya maziwa, kutoka hoteli moja ya Kawe iliyofungwa. Cha betri. Hakiungurumi, hakitoi moshi. Kutoka dukani kwangu hadi nyumbani juu kilimani kuna njia ya waenda kwa miguu, saruji safi, gari kubwa haliingii. Kigari kinaingia. Nimepima kwa hatua. Kuanzia leo mama mkwe hapandi tena mlima na goti lake bovu. Mimi Abdulhadi ndimi mtu wa kwanza Madale nzima kuwaza hivi. Mke wangu Widad ameuliza watu watapita wapi. Nimemjibu kwamba watu ni wembamba.

Jumanne, 5 Agosti

Tatizo dogo. Kigari hakisikiki kabisa. Mwalimu Albano, mstaafu anayeongoza kikundi cha kutembea asubuhi kwa sababu ya presha, aligeuka akakuta nimemfikia visiginoni. Akarukia mtaroni. Nilimwamkia palepale, shikamoo mwalimu, kwa heshima zote. Akaanza kutafuta kiatu chake. Jioni imekuja barua ya Bi Demetria, mwenyekiti wa kamati ya njia. Jumapili wanapiga kura: kigari kiendelee au kipigwe marufuku. Barabara ya magari inazunguka mbali, betri haifiki. Kikikatazwa, kuku watataga ndani yake. Widad kasema nipunguze mwendo tu, nisimame, watu wapite kwanza. Yaani basi? Wazo kama hilo hata mtoto angelitoa. Nina langu.

Jumatano, 6 Agosti

Langu ni mlio. Nimening'iniza vikombe vya kahawa sita, vile vidogo vya kaure, mbele chini ya taa. Kila tuta, ting ting ting. Watasikia, watapisha. Walisikia! Kona ya kwanza wazee watatu wametoka barazani, wakasimama katikati ya njia wakitaka kahawa. Nikasema hakuna kahawa. Wakauliza, kashata je? Mmoja wao, Mzee Mbwana, akapanda kiti cha nyuma kusubiri, na hakushuka mpaka adhuhuri. Albano alikuwa pembeni anaandika kwenye kidaftari.

Alhamisi, 7 Agosti

Vikombe nimevitoa. Nimeweka ule muziki wa baiskeli za aiskrimu, maana husikika mtaa mzima. Mbona sikuuwaza jana! Saa kumi jioni nikaufungulia. Watoto ishirini na kitu wakatoka kila geti, mbio, moja kwa moja kwenye matairi yangu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Hakuna aliyeguswa, ila niliogopa, naandika ukweli, niliogopa sana. Walipogundua hakuna aiskrimu mmoja akalia, kisha wote. Bi Demetria akatoka na mjukuu wake mkononi. Hakugomba. Alisema ana swali moja tu, ataliuliza Jumapili. Upole ule umeninyima hamu ya chakula.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, watu wote majumbani. Siku yangu! Kosa langu nimeliona: kila mlio hapa mjini una mwenyewe. Dawa ni sauti ya mtu. Nimeazima spika kubwa kwa fundi redio, nikajirekodi kwa sauti nzito, ya taratibu, ya mtu mstaarabu. Ndugu wakazi, mnatangaziwa, hasa Mwalimu Albano na kikundi chake, kwamba kigari kinapita, kaeni pembeni. Nimepanda mlima polepole, taa zote zimewaka mchana kweupe. Maajabu! Wote wamesimama. Wacheza bao wameacha bao. Mwenye redio ameizima. Kinamama wameinamisha vichwa. Hakuna hata mmoja aliyebaki njiani. Kura ni yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Hawakupisha kigari. Walipisha msiba. Spika juu ya gari, mwendo wa pole, sauti nzito, jina la mtu: nani atasubiri asikie mwisho wa tangazo? Ndani ya saa moja kwa Albano turubai lilishafungwa, viti vimepangwa, maharage yako jikoni, jumuiya yake inaimba. Mwenyewe alikuwa Tegeta kununua dagaa. Karudi na mfuko wake mkononi, akakuta anaombolezwa. Wa kwanza kumwona akaanguka akazimia. Ni mama mkwe wangu, aliyekwishafika pale kwa miguu, na goti lile lile. Leo nimeshinda stoo nyuma ya magunia ya mchele. Widad anasema kesho wakininyang'anya kigari ni haki yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Tumeshinda! Bi Demetria aliuliza swali lake: kigari kikikutana na mtu, nani ampishe mwenzake? Nikaanza kueleza habari za milio. Widad akajibu kutoka nyuma, kigari. Kisha Albano akasimama. Nikafumba macho. Akasema amefundisha miaka thelathini na nane akijua watu wanamwogopa tu, hakujua kama kuna wa kumlilia. Juzi amewakuta sitini, na aliyelia zaidi ni mwanafunzi aliyechapwa naye kuliko wote. Akafuta macho. Akasema kigari kipite, mradi mtembea kwa miguu awe wa kwanza, mwendo uwe wa mtu anayetembea, kisimame kila kona, na spika ile asiisikie tena maishani. Kamati yote ikanyoosha mikono. Nami nililia, sioni haya.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeendesha kwa masharti yote. Nikikuta mtu nasimama, namsalimia, anapita, naondoka. Hakuna aliyerukia mtaroni. Mama mkwe amefika juu akicheka. Albano naye alipanda, akashuka kona ya pili akisema ana haraka. Widad kaniuliza, umeona? Nimeona. Nimeona vizuri kabisa nguvu ya tangazo! Sasa nataka njia ya pili, ile inayoteremkia Tegeta, na anayekataa ni Bi Demetria peke yake. Mwanamke mgumu. Spika sijairudisha kwa fundi. Pengine Bi Demetria naye hajui watu wanampenda kiasi gani.