Biskuti Zangu kwa Mnyamwezi

Jumatatu, 7 Julai
Kliniki. Muuguzi Gertruda kanitoa damu, kasema lehemu, mafuta ya kwenye damu, iko juu, kaninunia kama nimemwibia. Mhalifu kapatikana: biskuti zangu za krimu! Eti zina mafuta yaliyogandishwa kiwandani, yanaziba mishipa ya moyo. Nikavaa miwani, nikasoma nyuma ya pakiti: mafuta ya mimea. Mimea! Nikamwambia basi mimi nakula mboga. Hakucheka. Nirudi baada ya mwezi. Mke wangu Sihaba kaongeza lake: lehemu isiposhuka, ananihamishia Dar kwa binti yetu Adila, ghorofa ya nne. Mimi, Mzaramo wa Kaole, nikaning'inie hewani kama nguo mbichi!

Jumatano, 9 Julai
Sihaba anapekua. Pakiti ya uvunguni kaipata. Ya mfuko wa kanzu kaipata. Angefaa forodhani huyu. Zimesalia kumi na mbili, bandani kwa kuku. Akili imenijia: nimezipeleka kwa jirani Medard, mwalimu mstaafu, Mnyamwezi. Mtu wa kanisani, hana tamaa. Nitapitia kila jioni, eti namjulia hali.

Alhamisi, 10 Julai
Nimepitia. Pakiti kumi na moja tupu, kazikunja vizuri mezani. Biskuti za pakiti ya mwisho anazichovya kwenye chai. Nimefoka. Nimemwambia ile ni amana, atajibu mbele ya Mungu. Katafuna kwanza, kameza.

"Mzaramo, unampa mtani wako chakula akutunzie? Shukuru sikuchukua na kuku."

Koti alilovaa kwenye harusi yake nililichukua kwa utani huohuo, ninalo mwaka wa tisa huu. Mtani hashtakiwi. Na mimi, mzee mzima, nilisahau!

Ijumaa, 18 Julai
Maduka yote ya Kaole yameonywa na Sihaba. Nimetembea hadi Mlingotini, mara ya nne wiki hii, kila mara duka jingine. Kote habari zimefika! Muuza duka kaniamkia shikamoo babu, kanipa karanga. Nyumbani mihogo ya kuchemsha na samaki wa kuchoma. Jela ina nafuu.

Alhamisi, 7 Agosti
Imeshuka! Gertruda kapima mara mbili, haamini. Dar siendi! Kaniuliza nimefanyaje.

"Kujinyima tu, mwanangu."

Sihaba kakohoa. Gertruda kaniomba wiki ijayo nizungumze na wazee wenzangu pale kliniki, niwaase waachane na mafuta ya kugandishwa. Nimekubali kwa unyenyekevu, nikauliza kama kutakuwa na vitafunwa.

Sasa naandika hotuba. Kazi nzito, kichwa kinadai kitu cha kutafuna. Bahati njema, Sihaba kwa furaha kalegeza ulinzi, na kuna duka jipya njia ya kliniki, hawanijui. Nimefika ukurasa wa pili wa hotuba na pakiti ya tatu.