Chai Ndiyo Chanzo cha Vita Vyote

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimekuwa mwanasayansi. Asubuhi nilikuwa mpiga pasi tu.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu, binti wa Dada, amekuja likizo kutoka chuo kikuu na kompyuta iliyojaa vita. Vita vya nchi na nchi, vya miaka mia mbili! Nikamuuliza anavifanyia nini. Akasema anavichunguza kwa takwimu. Kabla havijaanza kulikuwa na nini: njaa, ugomvi wa mpaka, silaha mpya? Hapo ndipo anatafuta chanzo. Moyo ukaniruka. Kumbe vita vina hesabu! Na mimi niko uwanja wa mapambano kila siku, sijaandika hata mstari!

Uwanja wenyewe ni chumba cha cherehani cha Dada. Upande wa dirisha yuko fundi mkataji. Tunamwita Tepu, maana tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Upande wa mlango yuko Mama Pindo, mshonaji. Tepu akikata, Mama Pindo anasema kawakatia wanasesere. Mama Pindo akishona, Tepu anasema mshono umekimbizwa na mbwa. Basi, moto umewaka.

Leo Dada katoa amri. Sare za shule nzima zinatakiwa Jumamosi. Zikichelewa shule inahamia kwa fundi mwingine, na sisi tunafunga duka. Kasema mafundi wakigombana akaondoka mmoja, atakayefuata ni mimi, na pale penye kitanda changu chumba cha nyuma ataweka majora ya vitambaa. Dada yangu wa tumbo moja! Eti kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa amani. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, ni kweli, lakini hakuna aliyekipinga.

Hofu sina. Ujanani niliamua ugomvi wa fahali wawili kwa kuwakodolea macho tu. Mmoja aliomba radhi.

Jumanne, 5 Mei

Kazi imeanza! Kabla mafundi hawajafika nilitwaa karatasi ngumu za kuchorea vipimo, nikatwaa mkasi mkubwa wa Tepu, nikakata vipande. Vita vifupi, kipande kifupi. Vita virefu, kipande kirefu. Nikavibandika ukutani juu ya meza ya pasi. Mpwa anasema hiyo inaitwa grafu. Mimi naiita ukuta wa ukweli.

Vita vya zamani nimevitoa kichwani, na kichwa changu hakisahau. Palipokuwa na pengo nimeweka vita vya kukadiria.

Katikati ya asubuhi, vita vipya! Tepu kashika mkasi wake, badala ya kukata ukawa unatafuna. Akasema humu ndani kuna mtu anakatia karatasi mkasi wa kitambaa, na mtu wa namna hiyo kwao hawakumfunza adabu. Jina hakutaja. Macho ndiyo yalielekea mlangoni. Mama Pindo akajibu, bila kuinua mguu kwenye cherehani, kuwa mkono butu husingizia mkasi. Tepu akasema kama ni mikono butu, yeye anaijua inakokaa. Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri, na suruali za watoto zimelala mezani hazina miguu.

Sikuingilia. Mwanasayansi haingilii. Nilikata kipande kirefu kuliko vyote.

Jumatano, 6 Mei

Nimekipata! Nimekipata chanzo!

Nilisimama mbele ya ukuta wangu nikajiuliza: kabla ya kila vita kulikuwa na nini? Vita vya mkasi: ndio kwanza walikuwa wametua vikombe. Vita vya dirisha, huyu anataka lifungwe, yule lifunguliwe: birika bado linatoa mvuke. Vita vya nani kakalia pini: chai mkononi. Chai! Chai kila mahali! Nikapiga hesabu, asilimia mia. Nikarudia kwa uhakika zaidi, ikaja asilimia mia na kumi. Mpwa kakiri mwenyewe kuwa chuoni kwao hakuna aliyewahi kufika hapo.

Kisha akanitazama kama mtu anayetafuta pa kushika. Akauliza, "Mjomba, na siku walizokunywa chai wasigombane, umezihesabu?"

Nikamwambia mimi nachunguza vita. Amani ya nini? Akasema ndiyo hiyo hiyo lazima, ulinganishe. Ukikusanya vita peke yake, akasema, utakuta kabla ya kila vita majenerali walikuwa wamevaa viatu, na viatu havikuleta vita. Nikamwonea huruma mtoto wa watu. Miaka mitatu darasani na bado anachanganya viatu na chai. Elimu ikizidi hugeuka maradhi, ndiyo maana mimi niliachia darasa la saba. Walimu walikuwa wamebaki hawana cha kunifundisha.

Lakini nimeandika "viatu" pembeni. Huwezi kujua.

Alhamisi, 7 Mei

Nimepiga marufuku chai.

Birika nimelizika ndani ya kapu la vipande vya vitambaa. Nikakata tangazo kubwa, lenye kona za mviringo, kazi safi, nikalibandika mlangoni: HAKUNA CHAI, KUNA AMANI. Mafundi wakafika, nikawasomea kwa sauti ya mkutano. Kimya! Kimya kitamu! Nikajua dawa imeingia.

Tepu akamtazama Mama Pindo. Mama Pindo akamtazama Tepu. Tangu niwajue sijawahi kuona hilo.

Mama Pindo akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, tangazo hili umelikata na nini?"

Nikamwambia kwa fahari kuwa nimetumia ule mkasi mkubwa, kama vipande vyote vya ukutani, ingawa siku hizi umeanza uvivu.

Tepu alivua tepu shingoni. Alivua! Akaiweka mezani akasema, "Mama, nisamehe. Nilikuwa nakudhania wewe."

"Yamekwisha, baba. Twende zetu."

Wakatoka pamoja, Tepu anambebea mkoba. Maadui wa miaka wamepatana mbele ya macho yangu, asubuhi moja, bila chai! Takwimu zimeshinda! Dosari ni moja ndogo: hakuna aliyebaki kushona.

Dada akaingia. Akatazama cherehani, akatazama ukuta, akanitazama mimi. "Mdogo wangu," akasema, "walikuwa wakigombana wakiwa kazini. Wewe umewapatanisha wakiwa njiani." Hakupaza sauti. Ndicho kilichonitisha. Jioni alikuja na jora la kitambaa cha bluu akaliegemeza kwenye kitanda changu. Halafu la pili.

Ijumaa, 8 Mei

Dada kawaendea mwenyewe na chupa ya chai na mkasi ulionolewa. Wamerudi. Kwa sharti: mimi nisionekane mpaka sare ziishe. Nimefungiwa chumba cha nyuma, mimi na majora. Mpaka Mpwa kaitwa kushika pasi yangu.

Nasikiliza kupitia ukuta. Cherehani inalia bila kupumua. Chai inamiminwa, nimeisikia. Sasa hivi, nikasema, sasa hivi watashikana. Tepu akasema kola imekaa vizuri. Mama Pindo akasema ni mkato, si mshono. Wakacheka! Chai ikamiminwa tena. Wakacheka tena!

Nimetokwa na jasho. Data ya namna hii inaharibu kazi ya mtu.

Jumamosi, 9 Mei

Sare zimefika shuleni, zote, zimepigwa pasi. Mwalimu mkuu kasifu mishono na kaagiza sweta za muhula ujao. Nimepiga kigelegele peke yangu humu ndani. Dada kaondoa jora moja. La pili kaliacha, eti la kunikumbusha. Kasema kitanda kinabaki kwa sharti kwamba nisiwaguse mafundi wala vitu vyao.

Mpwa alikuja na chakula akanichorea grafu yake. Siku niliyokuwa chumba cha mbele: vita. Siku niliyofungiwa: chai nyingi, amani tele. Akaweka kalamu chini, akaniuliza taratibu, "Mjomba, unaona nini hapo?"

Nikatazama. Nikatazama sana. Mwili ukanisisimka kuanzia kisogoni. Nimeona! Nikamkumbatia. Alifurahi, maskini, akasema hatimaye.

Jumapili, 10 Mei

Sikulala kwa furaha. Mpwa alikuwa sahihi, ilibidi nihesabu na amani. Nimeihesabu. Na hiki hapa ndicho chanzo cha vita vyote duniani, vya majenerali na vya mafundi:

Kabla ya kila vita kulikuwa na amani.

Kila vita! Hakuna hata vimoja vilivyoanza wakati watu tayari wanapigana. Asilimia mia, nimeirudia mara nyingi na haijapungua. Na huko mbele sasa kuna amani kubwa ambayo chumba kile hakijapata kuiona. Wanachekeana! Wanasifiana kola! Dada hajui amekalia nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na amani hii isipopunguzwa mapema, kidogo kidogo, kwa mkono wa mtaalamu, itakuja kulipuka sweta zikiwa mezani.

Duka limefungwa, wote wametoka. Nimeingia kimya. Nimeanza na dozi ndogo tu: vifungo vya Tepu na vifungo vya Mama Pindo, nimevimwaga vyote kwenye kopo moja.